Roketi, Maskini na Zaburi ya 113

Somo la wiki: Zaburi 113:5–7

«Ni nani aliye mfano wa BWANA, Mungu wetu aketiye juu, anyenyekeaye kutazama, mbinguni na duniani? Humwinua mnyonge kutoka mavumbini, na kumpandisha maskini kutoka jaani.»

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila roketi kubwa inaporushwa, swali lile lile hurudi katika vikundi vyetu vya maombi: fedha zote hizi za nini, na watu wanalala njaa? Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu moyoni. Wengine hukimbilia Zaburi 115, kwamba mbingu ni mbingu za Bwana bali nchi amewapa wanadamu, na kwao mjadala umekwisha. Mimi siwezi kuufunga upesi hivyo. Swali hili ni zito, na limewahi kuulizwa na mtumishi wa Mungu aliyelipeleka hadi kwenye mlango wa wenye roketi wenyewe.

Ilikuwa tarehe 15 Julai 1969, huko Florida, Marekani. Kesho yake asubuhi Apollo 11 ilikuwa iondoke na watu watatu kwenda mwezini. Mchungaji Ralph Abernathy, aliyerithi uongozi wa shirika la Martin Luther King baada ya King kuuawa mwaka uliotangulia, alifika na kundi la watu maskini, wakubwa kwa watoto, pamoja na nyumbu wawili na mkokoteni wao. Thomas Paine, mkuu wa shirika la anga la Marekani, NASA, akatoka kwenda kuonana nao mahali pa wazi. Hakuvaa koti. Mawingu yalikuwa yametanda, radi ikinguruma kwa mbali, manyunyu yakianguka na kukatika.

Abernathy alisema kwamba mtu mmoja kati ya kila watano katika taifa lile tajiri hana chakula, mavazi, makazi wala matibabu ya kutosha. Akaomba mambo matatu. Baadhi ya familia alizokuja nazo ziruhusiwe kuitazama roketi ikiondoka. NASA iunge mkono vita dhidi ya umaskini. Na wataalamu wake waelekeze akili zao kwenye tatizo la njaa. Paine akamjibu kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho yake kungemaliza umaskini wa Marekani, basi wasingekibonyeza. Akakiri pia kwamba maajabu yote ya NASA ni mchezo wa watoto yakilinganishwa na matatizo ya wanadamu yaliyomleta Abernathy pale. Kisha akamwomba mchungaji awaombee wale wanaanga. Abernathy akakubali kwa hisia kubwa, akasema watawaombea wafike na warudi salama. Familia zikapewa nafasi ya kutazama.

Nawasihi mtulie kidogo kwenye tukio hili. Abernathy hakwenda kuizuia roketi. Aliwapeleka wenye njaa mahali ambapo macho ya dunia nzima yalikuwa yameelekezwa, ili siku ile ya fahari isipite bila wao kuonekana. Na alipoombwa maombi hakuyauza kwa sharti lolote. Aliwaombea watu ambao safari yao ilikuwa imegharimu mabilioni, huku nyuma yake wamesimama watoto wasioshiba. Mimi naona pale imani iliyokomaa.

Sasa mweke Abernathy kando ya mtu mwingine aliyeuliza habari ya gharama kwa jina la maskini. Bethania, siku sita kabla ya Pasaka, Mariamu alimpaka Bwana miguu kwa ratli nzima ya marhamu ya nardo. Yuda Iskariote akataka kujua kwa nini haikuuzwa kwa dinari mia tatu, wakapewa maskini. Dinari mia tatu ni karibu ujira wa kibarua wa mwaka mzima. Hesabu ya Yuda haikuwa na kasoro: marhamu ile ingeuzika, na fedha zile zingelisha wengi. Lakini Yohana anatuambia wazi kwamba hakusema hivyo kwa kuwahurumia maskini. Ni yeye aliyeshika mfuko, na alikuwa na desturi ya kuchukua kilichomo.

Sisemi kwamba roketi ni marhamu. Mariamu alimheshimu Bwana. Roketi nyingi zimeheshimu tu bendera iliyochorwa ubavuni mwake. Ninachosema ni kwamba swali la gharama lina wauliza wa aina mbili, na kabla hatujalijibu yafaa tujue sisi ni wa upande upi. Yupo anayeuliza akiwa ameshikana mkono na mwenye njaa. Yupo pia anayetaja maskini siku ya roketi tu, kesho yake hawakumbuki tena.

Historia imetupa nafasi ya kulipima jambo hili. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inachukua zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali ya Marekani. Baadaye wananchi walichoka, wabunge wakakata, safari tatu za mwisho zilizopangwa za Apollo zikafutwa, na mtu wa mwisho akaondoka mwezini Desemba 1972. Leo fungu hilo halifiki hata nusu ya asilimia moja. Je, zile fedha zilikwenda mezani kwa maskini? Mwaka 1973, kwa kipimo rasmi cha serikali yao, Wamarekani maskini walikuwa asilimia 11.1. Mwaka 2023, miaka 50 baadaye, walikuwa asilimia 11.1. Roketi zilipunguzwa, nao wakabaki pale pale.

Na mwaka huo huo wa 2023 dunia ilitumia karibu dola trilioni 2.44 kwa majeshi na silaha. Bajeti ya NASA ilikuwa kama dola bilioni 25. Majeshi na silaha vilikula karibu mara mia. Kama uchungu wetu ni kwa ajili ya wenye njaa, basi na tuuelekeze kwanza palipo na mfuko mkubwa. Ni nadra sana kusikia kundi la maombi likikesha juu ya bajeti za vita kwa hasira ile ile tuliyo nayo juu ya safari za anga.

Hata hivyo sitaki mtu anielewe vibaya, akadhani nimepewa kazi ya kuwatetea wenye roketi. Wajenzi wa Babeli walisema, «Tujifanyie jina,» na roho hiyo haijafa. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimwambia mkuu wa NASA wa wakati ule, James Webb, kwamba yeye hana hamu kubwa hivyo na anga. Hoja ilikuwa ni kuwashinda Warusi. Maneno hayo yalirekodiwa, na yanaonyesha kilichokuwa moyoni. Halafu kuna matajiri wanaonunua safari ya kwenda kutazama dunia kwa juu kisha warudi. Wa kwanza kujilipia, Dennis Tito, mwaka 2001, inasemekana alitoa kama dola milioni 20. Hapo sina utetezi wowote, na yule tajiri wa Luka 16 aliyempita Lazaro mlangoni kila siku yuko karibu nasi kuliko tunavyopenda kukiri. Wengine hujitetea kwamba fedha hazitupwi angani, zinalipa mishahara ya watu hapa duniani. Ni kweli, lakini kiwanda cha mabomu nacho hulipa mishahara. Hoja hiyo hainitoshi.

Kinachonigusa zaidi ni kile ambacho zaburi yetu inaunganisha na sisi tunakitenganisha. Mungu aketiye juu hutazama. Akiisha kutazama, huinua. Hakuna nafasi kati ya aya ya 6 na aya ya 7. Jicho na mkono ni vya Mmoja. Ndivyo alivyomwambia Musa pale kwenye kijiti: nimeyaona mateso ya watu wangu, nimekisikia kilio chao, nami nimeshuka. Sisi tumejaliwa jicho la juu katika kizazi hiki. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa Aprili 1960. Ya kwanza ya mpango wa Landsat, wa kuipiga picha ardhi mfululizo, Julai 1972. Kabla ya hapo hakuna kizazi cha wanadamu kilichowahi kuiona dunia kama tunavyoiona sisi. Je, mkono umefuata jicho?

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kilipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh. Setilaiti zilikuwa zimekiona kikija. Wataalamu walijua. Lakini onyo halikuwafikia watu wa visiwani kwa namna ya kuwafanya waamke na kuondoka, na bahari ilipanda juu yao wakiwa wamelala. Walikufa watu wasiopungua 300,000. Jicho lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga mlango.

Tuje karibu na siku zetu. Kuna mtandao wa tahadhari ya njaa uitwao FEWS NET, ulioanzishwa miaka ya 1980 baada ya ile njaa kuu ya Ethiopia, na sehemu kubwa ya kazi yake hutegemea setilaiti. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi ule mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Likianza kukauka, uwiano huo hubadilika. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili, na mtaalamu akilinganisha na miaka iliyopita huona malisho yakififia katika eneo zima kabla hata mizoga ya mifugo haijaanza kuonekana. Kwa Somalia, tahadhari zilianza kutolewa Agosti 2010. Njaa kuu ilitangazwa rasmi Julai 2011, karibu mwaka mzima baadaye. Hadi balaa lile lilipoisha, watu wapatao 258,000 walikuwa wamekufa, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano.

Ndugu zangu, aya hiyo imenigharimu kuiandika. Hapa hatuwezi kusema fedha za anga ziliwanyima chakula watoto wale. Anga ndiyo iliyopiga kelele kwa ajili yao. Vita vilifunga barabara, wafadhili walisubiri, siasa zikaingia, na taarifa zikabaki zinasomwa. «Sikuzote mnao maskini pamoja nanyi,» alisema Bwana pale Bethania, na Marko ameandika sehemu ambayo wengi wetu huiruka: «na kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema.» Kila mpendapo. Sharti alilolitaja ni kupenda, yaani kuamua.

Na mahali walipoamua, matokeo yalionekana. Baada ya maafa yale ya 1970, serikali ya Bangladesh na Msalaba Mwekundu walianzisha jeshi la watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji. Leo ni zaidi ya 70,000, karibu nusu yao wanawake. Setilaiti ikionyesha kimbunga kinajikusanya baharini, habari hushuka hadi kwao, nao huingia vichochoroni kwa miguu na kwa baiskeli wakiwa na vipaza sauti vya mkononi na bendera, wakiita kila nyumba, wakimbeba mzee asiyeweza kutembea hadi kwenye kimbilio la zege. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya milioni 2 wa Bangladesh walikuwa wameshahamishwa. Waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Hata makumi ni wengi kwa waliofiwa, lakini linganisheni na 300,000. Mwenye setilaiti bila yule dada mwenye kipaza sauti angeona tu watu wakifa. Yule dada bila setilaiti asingejua aanze kupiga mbiu saa ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo hoja za faida hazilifikii. Tunapowatetea maskini, wakati mwingine tunawafanya kuwa matumbo matupu, kana kwamba mwenye njaa hana haja ya kujua kitu kilicho mbali na sahani yake. Lakini Ayubu alikuwa ameketi majivuni, amepoteza watoto na mali, mwili umejaa majipu, na Mungu alipomjia alimwuliza juu ya Kilimia na Orioni. Alimtembeza kwenye misingi ya dunia, milango ya bahari, ghala za theluji, njia za nyota. Hakuona kwamba mtu mwenye uchungu hastahili habari hizo. Daudi naye alizitazama mbingu, kazi ya vidole vya Bwana, akashangaa kwamba mwanadamu anakumbukwa. Mshangao ule si mali ya wanaoshiba peke yao. Kwa hiyo darubini kama ile ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021 kwa gharama ya karibu dola bilioni 10, ambayo haitampa mtu yeyote kipande cha mkate, mimi siwezi kuiita upotevu. Nitaiita ghali, na nitataka anayeilipia aulizwe na Lazaro wake. Upotevu, hapana.

Nimeacha mwisho habari ya kanisa moja, kwa kuwa ni habari yetu, watu wa ibada.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wa India, wakiongozwa na Vikram Sarabhai, walikuwa wanatafuta mahali pa kurushia roketi ndogo za utafiti. Walihitaji eneo karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, nayo hupita Thumba, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Kerala. Katikati ya eneo hilo palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena na nyumba ya askofu. A. P. J. Abdul Kalam, wakati ule mhandisi kijana na baadaye rais wa India, alikuwa akisimulia kwamba Askofu Peter Bernard Pereira hakuamua peke yake. Aliwaalika waje ibada ya Jumapili, akalieleza kusanyiko kwamba sayansi inaomba nyumba ya Mungu na nyumba yake yeye askofu, kisha akawauliza waumini kama watakubali. Wakaitikia amina. Wavuvi wakahamia mahali pengine na kujengewa kanisa jipya, na lile la zamani likawa karakana. Vifaa vya roketi vilisafirishwa kwa baiskeli. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza ikapaa kutoka hapo. Sarabhai alikuwa akisema kwamba India haina ndoto ya kushindana na matajiri kwenda mwezini, ila lazima iwe mstari wa mbele katika kuutumia ujuzi huu kwa shida halisi za watu.

Watu waliotoa madhabahu yao walikuwa wavuvi, watu wa kipato cha siku. Hakuna mwenye haki zaidi yao ya kuuliza kama ile kazi ilistahili gharama. Na pwani ile ile, mwishoni mwa Novemba 2017, kimbunga Ockhi kiliwakuta wavuvi baharini. Onyo lilichelewa, na wengi walikuwa wameshatoka kwenda mbali kuliko simu inavyofika. Zaidi ya mia moja hawakurudi. India wakati huo ilikuwa imeshapeleka chombo kuizunguka sayari ya Mars. Wajane walilia ufukweni katika jimbo lile ambalo wavuvi wake walikuwa wametoa kanisa.

Nchi ile haikujibu kwa kuzima roketi. Wala haikuwaambia wajane wajivunie Mars. Ilitengeneza kifaa kidogo cha kuwekwa kwenye mashua, kinachopokea maonyo ya hali ya hewa moja kwa moja kutoka setilaiti hata pale ambapo simu haishiki, na tangu 2019 kikaanza kufikishwa kwa wavuvi. Ilichelewa miaka mingi, tena ilichelewa kwa watu wale wale waliotangulia kutoa. Lakini ndivyo aya ya 7 inavyoifuata aya ya 6.

Basi wiki hii, wapendwa, tuwaombee kwa majina ya kazi zao: wanaosoma picha za setilaiti usiku wakati sisi tumelala, wanaopaswa kuamua haraka na hawaamui, wanaobeba vipaza sauti vijijini, na wanaanga walio juu yetu saa hii, kama Abernathy alivyofanya. Kisha kila mmoja amtafute mtu mmoja jirani yake ambaye hana simu, au haoni vizuri, au hasikii, au anaishi peke yake bondeni. Mkubaliane leo, kabla ya mvua, ni nani atakayemgongea mlango onyo likitolewa.